Kukata rufaa ya fidia ya ulemavu VA: barua ya uamuzi ndiyo inayochagua njia

Mwongozo huu ni kwa waliotumikia jeshi la Marekani, wakiwemo Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengine walioingia kwa green card au kupitia mpango wa MAVNI uliokuwa ukipokea wasemaji wa Kiswahili. Unamhusu aliyedai fidia ya ulemavu kutoka Idara ya Maveterani (VA) akanyimwa, au akapewa asilimia isiyolingana na hali yake. Utaratibu unaotumika sasa ulitungiwa sheria mwaka 2017 na ukaanza kazi tarehe 19 Februari 2019. Una njia tatu: dai la nyongeza (fomu 20-0995), mapitio ya ngazi ya juu (fomu 20-0996) na rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Maveterani (fomu 10182).

Wengi huchagua njia kwa kusikia kwamba ndiyo ya haraka, au kwa sababu mwenzao alishinda nayo. Lakini mwenzako alikataliwa kwa sababu zake. Sababu yako imo kwenye barua yako, na ndiyo itakayokuambia uende wapi.

Hatua ya 1: Soma barua, na uanze na tarehe

Tarehe inayohesabika ni ile iliyochapwa kwenye barua, si siku uliyoifungua bahasha. Kuanzia hapo una mwaka mmoja. Ukiwasilisha mojawapo ya njia tatu ndani ya mwaka huo, tarehe ya kuanzia malipo hubaki ile ya dai lako la awali, na ukishinda unalipwa malimbikizo. Ukichelewa bado unaweza kuleta dai la nyongeza, ila kwa kawaida malipo yatahesabiwa tangu VA ilipopokea fomu mpya. Tuseme ulidai Machi 2023 ukakataliwa kwa barua ya tarehe 12 Januari 2024. Fomu ikifika mapema Januari 2025, Machi 2023 inabaki hai. Ikifika Februari 2025, karibu miaka miwili ya malimbikizo imekwenda na maji.

Baada ya tarehe, tafuta sehemu yenye kichwa "Favorable Findings". Watu huiruka kwa sababu macho yanakimbilia neno la kukataa, ilhali hapo VA imeorodhesha iliyoyakubali: kwamba ugonjwa upo, au kwamba tukio lilitokea ukiwa jeshini. Yaliyoandikwa hapo huwafunga maafisa wote watakaolishika faili baadaye, isipokuwa lionekane kosa la wazi lisilo na ubishi. Usipoteze kurasa kuthibitisha kilichokwisha kukubaliwa.

Sasa sababu yenyewe. Ili ulemavu uhesabiwe umetokana na utumishi, dai husimama juu ya mambo matatu: ugonjwa au jeraha ulilo nalo sasa na daktari amelithibitisha, tukio, jeraha au ugonjwa uliotokea ukiwa jeshini, na uhusiano kati ya hayo mawili. Barua ya kukataa huwa imeangusha angalau mojawapo. Kama yote matatu yamekubaliwa, ugomvi wako ni wa asilimia au wa tarehe ya kuanzia malipo, na huo ni mchezo mwingine.

Chukua karatasi uandike sentensi moja ya aina hii: "VA imekubali goti ni bovu, imekubali niliangukia goti kwenye mazoezi ya parachuti 2014, imekataa kwamba kuanguka ndiko kulikoleta ubovu." Ukishindwa kuiandika, hujaielewa barua, na hupaswi kujaza fomu yoyote bado.

Kabla ya kulalamikia asilimia, hakiki hesabu. VA haijumlishi asilimia kama bei za sokoni. Inachukua kubwa kwanza, halafu inayofuata inakatwa kwenye kilichobaki. Mwenye 50 na 30 hapati 80: nusu imekwenda, asilimia 30 ya 50 iliyobaki ni 15, jumla 65, inakuzwa kuwa 70. Akiongezewa 10 nyingine inafika kama 69, na malipo yanabaki ya 70. Barua ya namna hiyo haina kosa, na rufaa dhidi yake ni kupoteza muda.

Hatua ya 2: Omba faili lako lote

Jaza fomu 20-10206 kuomba faili la madai. Hulipishwi kwa nakala ya faili lako mwenyewe. Inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo iombe siku ileile unayoipata barua, na usiruhusu kungojea faili kukupitishe mwaka. Likija, tafuta vitu vinne:

- Ripoti ya uchunguzi wa C&P, yaani ule uliopangwa na VA. Maneno yaliyokukatalia mara nyingi yametoka humo moja kwa moja.
- Karatasi ya misimbo ya ukadiriaji, inayoonyesha kila ulemavu umepimwa kwa kanuni namba ngapi na kuanzia lini.
- Rekodi za matibabu za jeshini, hasa uchunguzi wa kuingia na wa kutoka.
- Orodha ya ushahidi VA iliyosema imeusoma. Ilinganishe na ulichotuma. Waraka uliofika kabla ya uamuzi na haumo kwenye orodha ni silaha yako.

Hatua ya 3: Linganisha sababu na njia

Dai la nyongeza, fomu 20-0995, ni la mtu aliyepungukiwa ushahidi. Sharti ni ushahidi mpya na wenye uzito kwenye jambo linalobishaniwa. Mpya maana yake haukuwamo kwenye faili wakati wa uamuzi. Wenye uzito maana yake unagusa kile kilichokataliwa. Ukituma tena rekodi zilezile, VA itajibu kwamba hakuna kipya, na utakuwa umechoma miezi. Vilevile ukituma picha mpya ya MRI wakati barua imekwisha kukubali kwamba mgongo ni mgonjwa, umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kwa njia hii VA inabaki na wajibu wa kukusaidia kupata rekodi, mradi umezitaja. Za hospitali binafsi zinahitaji kibali chako kwa fomu 21-4142.

Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, ni ya mtu ambaye ushahidi ulikuwamo lakini VA ikausoma vibaya au ikatumia kanuni isiyo yake. Afisa mwandamizi hulipitia upya faili lilelile. Hupokei nafasi ya kuongeza hata karatasi moja. Ukiambatisha barua mpya ya daktari, haitasomwa. Huwezi kuomba mapitio haya mara mbili mfululizo kwa jambo lilelile, wala baada ya uamuzi wa Bodi.

Bodi, fomu 10182, inakupeleka mbele ya jaji wa sheria za maveterani. Inafaa kwa ubishi wa kisheria, au pale njia nyingine zimegonga ukuta. Ni ndefu: lengo la VA kwa madai ya nyongeza na mapitio ni wastani wa siku 125, wakati hata foleni fupi ya Bodi lengo lake ni siku 365, nyingine ni zaidi.

Kosa la fomu linalojirudia: mtu aliyekataliwa anajaza upya 21-526EZ kana kwamba anaanza. Hiyo ni ya dai la mara ya kwanza, au ya kuomba asilimia zaidi kwa ulemavu uliokwisha kukubaliwa na sasa umezidi. Aliyekataliwa anarudi kwa 20-0995. Na kwenye fomu zote za rufaa, kila ulemavu unaobishia uandikwe kivyake pamoja na tarehe ya uamuzi wake. "Nakataa uamuzi wote" haimwambii msomaji kitu.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi unaojibu sababu

Pengo la uhusiano ndilo linaloangusha wengi, na linazibwa na barua ya daktari. Barua nzuri huwa na vitu vitatu. Daktari aseme amesoma rekodi zako za jeshini na za sasa, azitaje kwa tarehe. Atoe maoni kwa kipimo cha sheria, kwa maneno haya ya Kiingereza: "at least as likely as not", yaani uwezekano ni angalau nusu kwa nusu. Halafu aeleze kwa nini, na hapa ndipo barua nyingi hufa. Daktari akiandika tu kwamba "inawezekana" goti liliharibika jeshini, VA ina haki ya kuiweka pembeni, kwa sababu kila kitu kinawezekana. Aeleze jinsi kuanguka kulivyochana gegedu, jinsi gegedu lililochanika linavyoleta yabisi kavu baada ya miaka, na kwa nini umri au uzito wako hautoshi kueleza hali hiyo. Ushahidi ukiwa sawa kwa sawa pande zote mbili, sheria inataka veterani apewe ushindi. Huhitaji kuthibitisha bila shaka yoyote.

Wapo wasiohitaji barua hiyo kabisa. Sheria ya PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022, inachukulia kwamba magonjwa fulani yametokana na utumishi kwa waliokuwa maeneo yaliyotajwa, ikiwemo Djibouti tangu 11 Septemba 2001 na Somalia tangu 2 Agosti 1990. Katika magonjwa hayo kuna pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, sinusitisi sugu na saratani kadhaa. Kama ulikuwa Camp Lemonnier, kambi ya Marekani huko Djibouti, na ulikataliwa kabla ya sheria hiyo, rudi na dai la nyongeza. Mabadiliko ya sheria yanatosha kufungua mlango.

Pengo la tukio jeshini ni gumu kwa wale waliovumilia. Askari wengi hawakwenda kwa tabibu wa kikosi, walimeza ibuprofen wakaendelea na kazi, na leo rekodi haina kitu. Hapo hutumika maelezo ya mashahidi, fomu 21-10210. Mwenzako wa kikosi aandike alichokiona: mahali, mwezi na mwaka, nini kilitokea, ulionekanaje siku zilizofuata. Mkeo au mumeo aandike anachokiona nyumbani: unaamka mara ngapi usiku, unashuka ngazi vipi, kazi gani umeacha kufanya. Shahidi asitaje jina la ugonjwa. Asiye daktari anaaminika kwa alichokiona na kukisikia. Akianza kutoa utambuzi wa kitabibu anapunguza uzito wa maelezo yake yote. Wewe pia andika yako, ueleze wazi kwa nini hukwenda kwa tabibu.

Wenye nyaraka kutoka nyumbani wana mitego yao mitatu. Kwanza tarehe: cheti cha hospitali ya Nairobi au Mwanza kilichoandikwa 04/07/2021 ni cha Julai, lakini Mmarekani atasoma Aprili, na ghafla matibabu yako yanaonekana yalitangulia ajali. Andika karatasi ya maelezo yenye mwezi kwa herufi. Pili majina: DD-214, yaani cheti chako cha kutoka jeshini, inasema hivi, kadi ya hospitali imepindua mpangilio na kuongeza jina la babu. Eleza kwa fomu 21-4138 kwamba ni mtu mmoja, na uweke jina la kwenye DD-214 na namba yako ya faili kwenye kila ukurasa. Tatu lugha: mama akitoa maelezo kwa Kiswahili, ambatisha asili pamoja na tafsiri ya Kiingereza yenye saini na tamko la mtafsiri kwamba tafsiri ni sahihi. Mtafsiri asiwe wewe.

Hatua ya 5: Uchunguzi wa C&P

Dai la nyongeza mara nyingi huleta uchunguzi mpya. Anayepiga simu kupanga siku huwa ni kampuni ya kandarasi, kwa namba usiyoijua. Pokea. Ukikosa kwenda bila sababu ya maana, VA huamua kwa kilichopo au hukataa. Kama unasafiri kwenda kuzika au kusalimia, waarifu kabla, si baada.

Chukua goti kama mfano. Mchunguzi hupima mkunjo kwa goniometa, kifaa cha kupimia pembe. Goti zima hukunja hadi nyuzi 140. Jedwali hutoa asilimia 10 mkunjo ukiishia nyuzi 45, asilimia 20 ukiishia 30, asilimia 30 ukiishia 15. Kwa hiyo mtu anayekunja hadi 90 kwa maumivu makali, kwa jedwali tupu, anapata sifuri. Kinachomwokoa ni kanuni nyingine inayotaka kiungo chenye maumivu kipewe angalau kiwango cha chini cha malipo, nacho kwa goti ni 10. Lakini lazima maumivu yaandikwe. Maumivu yakianza, sema "hapa", ili nyuzi za mahali hapo ziandikwe. Usijikaze hadi mwisho kwa ushujaa, wala usiigize. Mchunguzi anakutazama pia unavyotoka kwenye kiti na kutembea kwenda mlangoni.

Kisha kuna siku mbaya. Ripoti ina swali kuhusu vipindi vya kuzidiwa. Jibu kwa idadi: mara ngapi kwa mwezi, kwa muda gani, na siku hiyo goti linakunja kiasi gani. Mchunguzi anapaswa kukadiria upungufu wa siku hizo hata kama siku ya uchunguzi umeamka vizuri. Akiandika kwamba hawezi kukadiria bila kubahatisha na asieleze kwa nini, ripoti ina dosari, na Mahakama ya Rufaa ya Maveterani ililisema hilo mwaka 2017 katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin. Dosari hiyo ni sababu nzuri ya mapitio ya ngazi ya juu.

Adabu zetu huponza hapa. Ukiulizwa hali ukajibu "nzuri tu, namshukuru Mungu", huenda ikaandikwa hivyohivyo. Salamu ijibu kwa kifupi, kisha ingia kwenye dalili. Kwa matatizo ya akili, kama msongo unaofuata vita, kinachopimwa ni jinsi kazi, ndoa na mahusiano yako yalivyoathirika. Sema ulivyofukuzwa kazi baada ya kumfokea msimamizi, si kwamba "nina mawazo mengi".

Hatua ya 6: Kama umechagua mapitio, omba mazungumzo ya simu

Kwenye 20-0996 weka alama ya kuomba mazungumzo na afisa. Ni mara moja tu, na hujaribu kukupigia mara mbili. Andaa maelezo ya dakika chache: ukurasa gani wa faili, unasema nini, na kanuni gani haikufuatwa. "Ripoti ya tarehe fulani, ukurasa wa nne, inataja maumivu kuanzia nyuzi 80, uamuzi umetoa sifuri bila kuyataja." Usianze kusimulia maisha yako ya jeshini, wala usitoe habari ambayo haimo kwenye faili, maana hawezi kuitumia. Afisa akikuta kwamba VA haikutimiza wajibu wake wa kusaidia, kwa mfano haikutafuta rekodi ulizotaja, hulirudisha dai lirekebishwe, na mara nyingi utaitwa uchunguzi mpya.

Hatua ya 7: Ukifika Bodi

Fomu 10182 inakutaka uchague foleni moja. Ya moja kwa moja: jaji anasoma kilichokuwapo siku ya uamuzi, basi. Ya ushahidi: unatuma pamoja na fomu au ndani ya siku 90 tangu Bodi iipokee. Ya kusikilizwa: unazungumza na jaji, kwa kawaida kwa video, na unaweza kuleta ushahidi siku hiyo au ndani ya siku 90 baadaye. Kilichokuja nje ya dirisha lake jaji hakigusi, hata kiwe barua bora kiasi gani. Na Bodi haina wajibu wa kukutafutia rekodi. Kama umejuta, unaweza kubadili foleni ndani ya mwaka tangu barua ya uamuzi au siku 60 tangu Bodi ipokee fomu, ule utakaochelewa, mradi hujatuma ushahidi wala kusikilizwa. Mwenye miaka 75 na zaidi, mgonjwa mahututi au mwenye dhiki kubwa ya fedha anaweza kuomba aharakishwe.

Nani akushike mkono

Mashirika ya maveterani kama DAV, VFW na American Legion hukuwakilisha bure; unawateua kwa fomu 21-22. Wakili au wakala aliyeidhinishwa huteuliwa kwa 21-22a na haruhusiwi kukutoza kwa dai la awali, kabla ya uamuzi wa kwanza. Baada ya hapo, ada ya asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki, na inayozidi theluthi moja huhesabiwa kuwa imepita kiasi. Jihadhari na madalali wasioidhinishwa wanaotaka sehemu ya nyongeza yako ya kila mwezi au nywila ya akaunti yako ya VA. Jina la kila aliyeidhinishwa limo kwenye orodha ya VA mtandaoni. Tafuta kabla ya kusaini.

Mambo madogo yenye fedha ndani

Ukipata 30 na kuendelea, ongeza mwenzi na watoto kwa fomu 21-686c ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya ushindi, ili nyongeza yao irudi nyuma pamoja na yako. Wazazi unaowatunza, hata wakiwa nyumbani Afrika, wana fomu yao, 21P-509. Kama ulemavu umekutoa kazini, na una ulemavu mmoja wa 60, au jumla ya 70 yenye mmoja wa 40, jaza 21-8940 uombe kulipwa kwa kiwango cha 100.

Barua ikisema VA inapendekeza kupunguza asilimia yako, hiyo bado si uamuzi. Una siku 60 za kuleta ushahidi, na 30 tu za kuomba usikilizwe. Ombi likifika ndani ya hizo 30, malipo hayapunguzwi mpaka usikilizwe.

Bodi ikikataa, unaweza kurudi na dai la nyongeza ndani ya mwaka bila kupoteza tarehe yako, au kwenda Mahakama ya Rufaa ya Maveterani, Washington, ndani ya siku 120. Ada ya kufungua kesi ni dola 50, na asiye na uwezo huomba isamehewe.